Risala ya Wanafunzi wa Maikroekonomia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunayo furaha kukukaribisha katika mahafali ya kozi ya maikroekonomia ya kiwango cha chuo, yaani elimu ya jinsi wanunuzi na wauzaji wanavyofanya maamuzi sokoni, ambayo tumeisoma tungali sekondari.

Mheshimiwa, wengi hudhani somo hili ni la fedha. Sisi tulianza na uchaguzi: gharama halisi ya jambo ni lile bora ulilolazimika kuliacha ili ulipate. Michoro ya mahitaji na ugavi, ambayo mwanauchumi Mwingereza Alfred Marshall aliieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1890, tuliizoea mapema. Kilichotutoa jasho ni ukiritimba, yaani soko lenye muuzaji mmoja tu.

Tuchukue muuzaji asiye na mshindani. Kwa bei ya 10 anauza vitu 4, anapata 40. Ili auze cha 5, lazima ashushe bei ya vyote hadi 9, apate 45. Kitu cha 5 kimeuzwa kwa 9, lakini kimemwongezea 5 tu, kwa kuwa amepoteza 1 kwenye kila kimoja cha vile 4 vya mwanzo. Ikiwa kukitengeneza kunagharimu 6, hatakitengeneza, ingawa yupo mtu aliye tayari kukilipia 9. Ile tofauti ya 3 haiendi kwa muuzaji wala kwa mnunuzi, imepotea kabisa. Siku tulipolielewa hili darasa zima lilinyamaza, kisha maswali yakafumuka hadi kipindi cha mwalimu mwingine kikaliwa. Tunamwomba radhi mwalimu huyo.

Mheshimiwa, hesabu hiyo ni ya kujumlisha na kutoa tu. Hata hivyo, kozi hii wanaruhusiwa kuisoma wale wenye alama za juu za hisabati peke yao, na wenzetu wengi hodari wa kujenga hoja wamebaki nje. Hilo linatuumiza. Ugumu wa somo uko katika kufuata sababu hatua kwa hatua bila kuruka, na uwezo huo wanao.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie sharti hilo liondolewe. Tunaomba pia vitabu viongezwe, maana tunavyotumia sasa tunavipokezana, na vyuo vishawishiwe kuitambua kozi hii ili anayeifaulu asirudie mwaka wa kwanza yale anayoyajua.

Walimu wetu, ahsanteni kwa uvumilivu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.