Shukrani kwa mama niliyekutana naye Kongwa
Nakushukuru kwa moyo wote, mama uliyekuwa ukipita njia pale Kongwa, ukasikia mbuzi wangu akilia, ukabisha hodi na kuingia zizini. Alikuwa amezaa mapacha na kumpiga teke kila mtoto aliyesogea, nami nilikuwa nikiwasukuma vichwa kwa nguvu kuelekea chuchu, jambo lililowafanya warudi nyuma. Ulikamua matone mawili matatu ili kuzibua chuchu, ukampaka yule mdogo dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, mdomoni, kisha ukamkuna taratibu chini ya mkia, kama mama yake anavyomlamba, hadi akaishika chuchu mwenyewe na kimkia chake kikaanza kutikisika. Dang'a ya saa za kwanza ndiyo kinga yao, na bila wewe wangeikosa. Sikukuuliza jina, mama yangu. Wote wawili wanaruka zizini.