Hatua ndogo sio usaliti

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu haya maneno yanayogawanya wanaharakati wa LGBT (mashoga, wasagaji na watu wa trans, yaani waliobadili jinsia) hapa Kenya, maana sasa yamefika mahali watu waliokuwa wanachangia nauli ya kuenda kortini pamoja hata hawasalimiani. Wengine wanasema kama kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu, kile kinachofanya ngono ya jinsia moja kuwa kosa, hakijafutwa hakuna kitu tumepata, wengine wanasema tuchukue kile korti inaweza kutoa leo alafu kesho turudi tena. Mimi niko na hao wa pili.

Watu wanaisahau sana ile kesi ya huku Pwani. 2015 wanaume wawili walishikwa Kwale, wakapelekwa hospitali Mombasa wakakaguliwa sehemu ya nyuma kwa lazima ati unatafutwa ushahidi kwamba wamelala na wanaume, na ukimwi wakapimwa pia. Mahakama Kuu ikawakatalia 2016, lakini hawakuchoka, wakakata rufaa na Machi 2018 Mahakama ya Rufaa hapa hapa Mombasa ikasema haki zao zilivunjwa. Ni kweli 162 ilibaki vile vile na kifungo chake cha miaka 14, lakini leo polisi akitaka kukupeleka ukavuliwe nguo mbele ya daktari, wakili wako ana hukumu ya kumwekea mezani. Mtu anayesema hiyo si kitu ajiweke yeye juu ya hicho kitanda kwanza.

Mei 2019 tuliomba 162 yenyewe ifutwe na majaji watatu wakakataa. Iliuma sana. Lakini ile kesi nyingine ya NGLHRC, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, kunyimwa usajili, ambayo wengi waliiona ya makaratasi tu, ilizidi kupanda ngazi mpaka Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema kwa kura 3 kwa 2 kwamba kuwanyima usajili ni ubaguzi. Najua kilichofuata, maandamano, mahubiri, na mswada wa mbunge Kaluma wa kutaka ushoga uadhibiwe vikali zaidi, na wenzetu wanasema ushindi mdogo umetuletea hasira kubwa. Sasa nawauliza, 162 ikifutwa hiyo hasira itakosa kuja?

Angalieni Botswana. LEGABIBO, kikundi cha LGBT cha huko, walinyimwa usajili, wakapigania hadi Mahakama ya Rufaa ikawapa 2016. 2017 korti ikaruhusu mwanamume aliyebadili jinsia abadilishiwe kitambulisho. 2019 Mahakama Kuu ikafuta sheria yenyewe inayokataza ngono ya jinsia moja, na kwa hiyo kesi LEGABIBO walikuwa ndani kama rafiki wa mahakama, yaani anayeruhusiwa kuishauri korti bila kuwa upande wa kesi, kikundi chenye usajili wake, na 2021 rufaa ya serikali ikatupwa. Hukumu moja ilifungulia nyingine mlango.

Wanaonipinga wananitajia Uganda, kwamba 2014 korti ilifuta ile sheria yao dhidi ya ushoga watu wakashangilia na 2023 ikarudi kali zaidi. Ni hoja nzito na sitaikwepa. Lakini ile ya 2014 ilianguka kwa sababu akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa kupitisha sheria, haikutimia, korti haikusema lolote kuhusu haki ya mtu, kwa hivyo hakukuwa na la kushikilia sheria iliporudi. Hatua ninayoitetea mimi ni ile inayoacha jaji amesema wazi kwamba huyu ni binadamu na katiba inamhusu.

Na hapa upande wangu pia nawalaumu, kwa sababu kuna wenye ofisi Nairobi wanaowaambia watu wa trans wangoje zamu yao kana kwamba hatua ndogo ni foleni ya wakubwa. Hapana. Kitambulisho ni hatua, waanze nayo sasa.

Ningependa pia ile hukumu ya 2018 ya kukaguliwa kwa lazima ifupishwe kwa Kiswahili cha kurasa mbili, ipelekwe Ukunda, Malindi na Lamu, iachwe kwa maparalegal na madaktari wa kaunti, na kazi hiyo ifanywe na pande zote mbili kwa sababu haihitaji tukubaliane kuhusu 162.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa