Barua ya wazi kwa dada: niambie na yale madogo

Dada,

Shikamoo. Naiandika barua hii hadharani kwa sababu jambo hili, la kukuomba ujiunge nami kwenye mtandao mmoja wa kijamii, nimekueleza mara mbili kwa simu, na mara zote mbili tuliishia kuzungumza mengine. Huenda pia kuna mtu mwingine aliyepotezana na dada yake kama tulivyopotezana sisi, ingawa kila mmoja ana namba ya mwenzake.

Kilichonisukuma ni miwani. Picha yako ukiwa umevaa miwani niliiona wiki tatu baada ya wewe kuiweka mtandaoni. Niliikuta nikipita tu, imebanwa kati ya tangazo la magodoro na video ya watu nisiowajua wakigombana. Wiki tatu! Wewe ndiye uliyekuwa ukitunga uzi kwenye sindano kwa ajili ya nyumba nzima, hata kwa mwanga wa kibatari, na mimi sikujua kwamba macho yameanza kukusumbua. Hukunificha. Uliweka picha, ukadhani nimeiona na nimenyamaza. Ukimya huo ndio unaoniuma hadi leo, maana haukuwa wangu.

Tukipigiana simu tunapeana makubwa: nani anaumwa, nani kajifungua, michango, misiba. Madogo tunaona hayastahili simu. Matokeo yake nayajua makubwa yako yote ya mwaka huu, lakini sijui siku hizi unaamka saa ngapi, wala kama bado unaimba ukifua.

Sasa nimejiunga na mtandao uitwao Mastodon, na huu ni mwezi wa pili. Si mpya sana duniani, ulianzishwa mwaka 2016 na Mjerumani mmoja, Eugen Rochko. Kwangu ndio mpya, na nimekaa nao kiasi cha kutosha kuweza kukuambia ukweli wake.

Kilichonivuta ni kwamba habari zinakuja kwa mpangilio wa saa. Iliyoandikwa mwisho iko juu, iliyotangulia iko chini, basi. Unaona ya wale uliochagua kuwafuata na yale ambayo wao wenyewe wameyasambaza. Hakuna mtambo unaokaa katikati na kuamua kwamba ugomvi wa wageni ni muhimu kuliko miwani ya dada yangu. Ukisoma hadi ulipoishia jana, umemaliza. Unaweka simu chini. Nilikuwa nimesahau kwamba jambo hilo linawezekana.

Unajua mitandao ya aina hii ilianza kwa ajili ya nini? Twitter ilifunguliwa mwaka 2006, na katika miaka yake ya mwanzo kila chapisho lilikuwa na kikomo cha herufi 140, kwa sababu ujumbe wa simu huchukua herufi 160 na 20 ziliachwa kwa ajili ya jina la mwandishi. Na swali lililokuwa pale juu, la kukufanya uandike, lilikuwa: unafanya nini? Mwaka 2009 likabadilishwa, likawa: nini kinatokea? Nimelitafakari sana badiliko hilo. Swali la kwanza anaweza kulijibu mtu anayemenya viazi. La pili linamfanya ajione hana habari, kwa kuwa dunia nzima inatokea na yeye anamenya viazi. Mimi nataka habari za viazi, dada.

Nisikufiche: mwanzo wake unachosha. Mastodon si nyumba moja, ni seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti na maandishi ya watu, zinazoendeshwa na watu na vikundi mbalimbali, na unapojiunga unatakiwa kuchagua moja. Hapo wengi hukata tamaa. Lifikirie kama barua pepe: wewe unaweza kuwa na anwani ya kampuni moja na mimi ya nyingine, na bado tukaandikiana. Ndiyo maana jina lako linakuwa na sehemu mbili, lako na la seva. Soma kanuni za seva kabla ya kuingia, na uangalie imekuwepo muda gani, kwa sababu seva nyingi zinaishi kwa michango na nyingine hufungwa. Ukihama unaweza kuhama na wafuasi wako, lakini maandishi ya zamani hayahami nawe. Kwa hiyo picha unayoipenda ibaki pia kwenye simu.

Jambo lingine, na hili nakuomba ulishike. Ule ujumbe wa watu wawili mle ndani haufungwi kwa namna ambayo mwenye seva hawezi kuusoma. Mambo ya hospitali, ya fedha na ya ndani ya nyumba tusiyaandike huko. Hayo yabaki kwenye simu.

Mengine yote unaweza kuyawekea mipaka. Kila unapoandika unachagua nani aone: watu wote, wafuasi wako tu, au wale uliowataja. Na akaunti unaweza kuifunga, ili kila anayetaka kukufuata abishe hodi kwanza. Najua unachoogopa. Unaogopa watu wa kazini. Basi ifunge, tuanze wawili tu, na wengine uwafungulie kwa wakati wako.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukitarajia, na ndicho kilichonibadilisha zaidi. Ukiweka picha, kuna sehemu ya kuieleza kwa maneno, kwa ajili ya asiyeona, ambaye simu humsomea. Watu wa mle wanalichukulia kwa uzito, na wapo ambao hawasambazi picha isiyo na maelezo. Mwanzoni niliandika kwa kifupi: "maua dirishani". Siku moja mtu asiyeona akaniuliza kwa upole, maua gani? Nikarudi dirishani. Nikagundua kwamba mmea ninaoumwagilia kila siku una jani moja lililopasuka na kujiunga tena, na kwamba ua lililochanua ni moja tu, mengine ni vitumba. Tangu siku hiyo kila picha naieleza hivyo, polepole, na kila ninapoandika naona kama nakuhadithia wewe.

Watu si wengi kama kwingine. Ndugu zetu wengi hawamo, na marafiki zako wa shule huenda usiwakute. Kuna siku nimeandika na hakuna aliyejibu. Lakini siku ambayo mvua ilikatika ghafla nikaandika sentensi mbili kuhusu ule utulivu, na watu wanne wakanieleza utulivu wa kwao ulivyo. Nilizungumza nao jioni nzima na hakuna aliyetaka kuniuzia kitu. Nilitamani wa tano awe wewe.

Jumapili nitakupigia, tukae pamoja kwenye simu hadi akaunti ifunguke. Mimi nitasoma maelekezo, wewe bonyeza. Nywila iandike kwenye daftari. Usihangaike kutafuta la maana la kuanzia. Iweke picha ileile ya miwani, safari hii na maelezo yake: fremu ni ya rangi gani, ulikuwa umekaa wapi, nani aliyekupiga picha, na mbona ulikuwa unatazama pembeni. Na uniambie kama ni ya kusomea tu au unaivaa siku nzima.

Mdogo wako.