Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tumsifu Yesu Kristo! Asalaam aleikum!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama, maana barabara ya kutoka mjini tunaijua. Tunakushukuru pia kwa kufunga kliniki yako ya meno siku nzima kwa ajili yetu. Mikono yako hushinda kwenye vinywa vya watu, kwa hiyo hutashangaa tukikutajia mada yetu ya mwaka huu, ambayo ilipotangazwa mstarini shule nzima iliangua kicheko: mate.

Ni kweli mate hayana heshima. Kumtemea mtu ni ugomvi. Lakini kila aliyeketi chini ya turubai hili hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na anayameza bila habari. Yanatoka wapi? Wengi wetu tulijibu kwamba damu huchujwa kwenye tezi kama tui kwenye kifumbu.

Jibu hilo liliangushwa zamani. Mwaka 1851 Carl Ludwig, akiwa Zürich, aliandika kuhusu tezi ya mate ya mbwa: neva yake ikichochewa, mate husukumwa kwenye mfereji kwa shinikizo linaloweza kuzidi la damu ya ateri. Sasa tui gani linatoka kwa nguvu kuliko mkono unaolikamua? Basi tezi yenyewe inafanya kazi.

Kazi gani hasa? Hapo ndipo tulipokutana na Ole Petersen, aliyezaliwa mwaka 1943 na kusomea udaktari Copenhagen, Denmark. Mwaka 1970 alichapisha utafiti wa tezi ya mate ya paka, ile ya chini ya taya. Ikichochewa, tezi hiyo humwaga potasiamu. Jambo hili lilitusumbua wiki nzima, maana darasani tumefundishwa kwamba seli huitunza potasiamu kama mboni ya jicho. Kwa nini iimwage?

Petersen akawa profesa Dundee, Uskoti, mwaka 1975, kisha Liverpool mwaka 1981. Wakati huo Erwin Neher na Bert Sakmann, kule Ujerumani, walikuwa wameboresha njia yao ya kubandika mrija wa kioo wenye ncha ya kama maikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, kwenye utando wa seli, ukagandamana, wakapima umeme unaopita kwenye tundu moja tu. Petersen na Yoshio Maruyama wakaipeleka njia hiyo kwenye kongosho. Mwaka 1983, pamoja na David Gallacher, wakaionyesha kwenye tezi za mate: kuna milango ya potasiamu inayofunguka kalsiamu inapopanda ndani ya seli.

Mchoro upo kwenye meza yetu. Neva inaamuru, kalsiamu inapanda, potasiamu inatoka upande wa nyuma, kloridi inatoka mbele, sodiamu inaifuata, na maji yanafuata chumvi. Hayo ndiyo mate.

Kongosho ni ndugu wa tezi hizi, na huko Petersen aliendelea hadi Cardiff, Wales, alikohamia mwaka 2010. Kalsiamu ikipanda na kushuka, vimeng'enya, yaani kemikali za kumeng'enya chakula, hutoka vizuri. Ikipanda ikagoma kushuka, vimeng'enya huamka ndani ya seli na kongosho huanza kujila. Pombe kupita kiasi ni mojawapo ya visababishi. Waliocheka mstarini wajue alianzia kwenye mate ya paka.

Sisi mrija wa maikromita moja hatuna. Tulitumia vikombe vya plastiki, ukwaju, na saa ya simu ya mwalimu, kwa kuwa zetu haziruhusiwi. Aliyekaa kinywa kitupu alifunika kitako cha kikombe tu. Aliyemung'unya ukwaju alikaribia kukijaza nusu. Wa tatu hakupewa kitu, alimtazama wa pili akila. Kikombe chake nacho kilipanda kidogo, na mpaka leo tunabishana kama ni kweli au alijikamua kwa makusudi. Tulichanganya pia mate na uji mwepesi: baada ya muda iodini haikuugeuza tena bluu-nyeusi, maana wanga wake ulikuwa umemeng'enywa na mate. Tulitaka kurudia mara tatu, iodini ikaisha mara ya pili.

Hiyo ndiyo changamoto yetu ya kwanza. Ya pili ni darubini: tunazo mbili, moja lenzi yake imepasuka, na sisi tuko arobaini na mmoja. Tunaomba utusaidie darubini moja, iodini, na mabomba ya sindano yenye vipimo, yasiyo na sindano. Tunaomba pia utukaribishe kliniki siku moja, utueleze unamhudumiaje mgonjwa ambaye kinywa chake kimekauka.

Vikombe viko meza ya tatu, vimeoshwa. Ukwaju umebaki.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Baiolojia.