Wanafunzi wajue mpangilio wa kazi kabla ya bajeti

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme jambo linalowahusu wanafunzi wa vyuo na sekondari za Mtwara na Lindi, hasa wale wanaoanza kusoma usimamizi wa miradi.

Mwanafunzi akipewa zoezi la kuandaa mradi, mara nyingi huanzia kwenye bajeti. Anaorodhesha vifaa, anaweka bei, anajumlisha, kisha anatanguliza maneno mazuri ya dira na dhamira. Andiko linapendeza na huenda hata likapata fedha. Lakini muulize ni kazi ipi inayosubiri nyingine, au tarehe ya mwisho itasogea kwa siku ngapi mzigo ukichelewa siku tano, utaona anababaika. Kosa si lake. Sisi wakufunzi ndio tuliomzoesha kuanza na pesa, wakati bajeti huzaliwa na mpango wa kazi.

Misingi yenyewe haina ugumu. Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, inayoacha nyuma yake kitu ambacho hakikuwepo. Kufundisha kila siku si mradi, kujenga darasa ni mradi. Kazi hiyo inabanwa na upeo wake (yaani kilichomo na kisichokuwemo), muda na gharama, na ukigusa kimoja bila kurekebisha vingine, ubora ndio unaoumia. Hayo yamo katika kila kitabu. Yanayokosekana ni mfano wa hapa kwetu uliofanyiwa hesabu hadi mwisho, na ndio tunaouweka hapa.

Tuseme wanafunzi wa shule iliyo juu ya Uwanda wa Makonde, upande wa Newala au Tandahimba, wanataka kuvuna maji ya mvua kwenye tenki la plastiki la lita 10,000. Shida ya maji kule inafahamika: mvua hunywewa upesi na udongo wa kichanga, na maji ya ardhini yako mbali sana chini. Kwa hiyo wazo ni zuri. Swali la kwanza ni upeo: maji hayo ni ya nini? Shule ina wanafunzi 400. Kila mmoja akitumia lita moja ya kunywa kwa siku, tenki lililojaa linakwenda siku 25. Wakilitumia pia kufulia na kuoshea madarasa, tuseme lita tano kwa kila mmoja, linakauka siku ya tano. Ni tenki lile lile na gharama ile ile, lakini mradi mmoja umefaulu na mwingine umeanguka. Andiko lisemalo tu “kuboresha upatikanaji wa maji shuleni” halina kitu cha kupima. Liseme “maji ya kunywa, lita moja kwa mwanafunzi kwa siku”, na liseme wazi kwamba kufua hakumo. Kuandika kisichokuwemo ni muhimu sawa na kuandika kilichomo, kwa sababu wadau huongeza mahitaji kidogo kidogo na hakuna anayeona mradi ukivimba.

Baada ya hapo ndipo hesabu ya paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba hutoa lita moja. Jengo la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160. Ukitoa asilimia 20 inayopotea kwa kuruka na kuvuja, kila milimita inaleta lita 128. Tenki litajaa kwa milimita 78 hivi za mvua. Mwanafunzi anayeweza kuonyesha hesabu hii ana sababu ya kuchagua lita 10,000. Asiyeweza amechagua tenki aliloliona dukani.

Sasa kazi zenyewe. Kwanza, makubaliano na mkuu wa shule na bodi, siku 7. Pili, kupima na kuandaa mahitaji, siku 3. Hapo njia inagawanyika. Upande mmoja kuna kukusanya profoma, yaani ankara za makisio ya bei, kutoka maduka matatu, kulipia na kusafirisha tenki na mifereji, siku 14, kisha kufunga mifereji kwenye paa, siku 3. Upande wa pili kuna kuchimba, kupanga kozi (safu) mbili za tofali, kujaza na kushindilia kifusi na kumwaga zege, siku 4, kisha kuliacha zege likomae huku likimwagiliwa, siku 14. Pande zote mbili zikikamilika ndipo tenki linasimikwa na kuungwa mabomba, siku 2, na kujaribiwa, siku 1.

Ukizijumlisha kazi zote moja baada ya nyingine unapata siku 48. Wanafunzi wengi huandika hivyo, au hubahatisha “miezi miwili”. Zichore kwa mishale, kila kazi ikielekea inayoisubiri, halafu fuata kila njia. Ya tenki na mifereji inafika kwenye usimikaji siku ya 27. Ya msingi inafika siku ya 28. Mradi mzima basi ni siku 31, na njia ndefu, ile inayoamua tarehe ya mwisho, inapita kwenye zege. Hii ndiyo njia muhimu ambayo wataalamu wa kampuni za Marekani za DuPont na Remington Rand walianza kuikokotoa mwaka 1957. Chati inayochora kila kazi kama kipande kwenye mstari wa siku, ile inayobeba jina la Henry Gantt, ni ya zamani zaidi na inafaa kubandikwa ukutani, ila vipande vyake vikichorwa bila mishale havionyeshi ni nini kinachosubiri nini.

Tusimame kidogo hapo. Kila mtu katika kamati atakuwa na wasiwasi wa tenki, kwa kuwa ndilo kubwa na ndilo ghali. Hakuna atakayekuwa na wasiwasi wa zege. Lakini fundi akichelewa kuanza msingi kwa siku tatu, mradi wote unachelewa siku tatu, na huwezi kuzirudisha kwa kuongeza vibarua, maana zege halikomai upesi kwa kuzungukwa na watu wengi. Tenki lenyewe lina nafasi ya kuchelewa siku moja tu. Likichelewa siku tano, mwisho unasogea siku nne. Na hizo siku 14 za kulipata ni makisio. Mwenye duka akikwambia mambo yakinyooka ni siku 8, kwa kawaida 14, na yakiharibika 26, chukua 8, jumlisha 14 mara nne, jumlisha 26, gawa kwa sita. Unapata 15. Ile siku moja ya nafasi imekwisha, na sasa una njia mbili za kuzilinda kwa pamoja.

Yakiharibika kusini yanaharibika kweli. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, na magari ya mizigo yakakwama. Mwanafunzi anayeandika katika jedwali la vihatarishi “kuchelewa kwa vifaa” na kuishia hapo hajaandika kitu. Aseme chanzo, aseme uwezekano wake kwa alama 1 hadi 5, uzito wa madhara kwa alama 1 hadi 5, azidishe, kisha aandike nani atafanya nini na lini. Kwa mfano: tenki linunuliwe Mtwara mjini au Masasi hata kama Dar es Salaam ni nafuu kidogo, na mtunza stoo wa shule athibitishe kwa simu siku ya tano baada ya malipo kwamba limepakiwa.

Kihatarishi kikubwa zaidi katika mikoa hii miwili hakimo kwenye vitabu vya kigeni: ni kalenda ya korosho. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Tenki liwe limesimama kabla. Lakini kuanzia Septemba na Oktoba vibarua wako mashambani wakiokota korosho, na fundi naye ana shamba. Fedha za wazazi wanaochangia kwa hiari zinapatikana minada ya stakabadhi ghalani, ambako korosho huuzwa kupitia maghala, ikianza kulipa, Oktoba hadi Desemba, yaani wakati ule ule mvua zinapokaribia. Mwezi Agosti ndio mzuri kwa ujenzi, na ndio mwezi ambao mifuko mingi ni mitupu. Mpango unaojua hivyo unakusanya michango msimu wa korosho unaotangulia, unaiweka benki kwenye akaunti ya shule, na unaanza kazi Agosti mosi. Mradi wa siku 31 unakuwa na maandalizi ya miezi minane. Ukiletewa ratiba inayoanza Oktoba 15 na kumalizika Novemba 15, hata kama hesabu zake ni sahihi, irudishe.

Baada ya hayo, bajeti inajiandika. Bamba la zege la mita 3 kwa 3, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 1.35. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto) linataka karibu mifuko 9 ya simenti ya kilo 50. Weka 10 kwa ajili ya upotevu, halafu ongeza ya kujengea tofali. Tenki likijaa lina tani 10, kwa hiyo kifusi kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15, si kumwagwa chote mara moja, la sivyo bamba litapasuka msimu wa kwanza. Zile kozi mbili za tofali si urembo: bila kuinua msingi, ndoo ya lita 20 haiingii chini ya koki, na watoto wataishia kuchota kwa vikombe. Mfereji uteremke sentimita moja kwa kila mita, na maji ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege, lita 80 hivi kwa paa hili, yawe na njia ya kumwagwa pembeni. Mambo haya manne yakikosekana kwenye mpango, huongezwa baadaye kwa bei ya dharura. Asilimia 10 ya akiba ya dharura iwekwe wazi kwenye bajeti, isifichwe ndani ya bei za vifaa.

Kazi ikianza, msimamizi asiulize tu “tumetumia kiasi gani?” Tuseme bajeti ni shilingi 4,000,000. Siku ya 15, ratiba inataka kazi ya thamani ya 1,600,000 iwe imekamilika. Iliyokamilika ni ya 1,200,000, na fedha zilizotoka ni 1,500,000. Mweka hazina atafurahi kwamba matumizi yako chini ya 1,600,000. Kumbe kazi iko kwenye robo tatu tu ya ilipotakiwa kuwa, na kila shilingi moja inazaa kazi ya senti 80. Mwendo huo ukiendelea, mradi utagharimu 5,000,000. Kulijua hilo siku ya 15 kunaacha nafasi ya kurekebisha. Likijulikana siku ya 30, kilichobaki ni kuomba nyongeza.

Wanaodhani haya ni makubwa mno kwa mradi wa tenki watazame historia iliyo karibu nao. Baada ya vita kuu ya pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Shabaha ilikuwa mamilioni ya ekari. Mashine ziliagizwa, watu wakaajiriwa, misitu ikaanza kufyekwa, kabla ya kufanya majaribio ya kutosha ya udongo na mvua. Kwa upande wa kusini ilihitajika reli mpya na bandari ya kina kirefu. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza makumi ya mamilioni ya pauni. Bandari ya Mtwara ilikamilika 1954, miaka mitatu baada ya karanga ilizojengewa kuachwa, na reli ya Nachingwea ikang'olewa miaka ya 1960. Fedha hazikupungua pale. Kilichopungua ni mtu wa kuuliza kazi ipi lazima iishe kabla nyingine haijaanza, na kusikilizwa. Somo hili tungependa lifundishwe Nachingwea kwenyewe, wanafunzi wakipelekwa kuona ilikopita reli.

Tunaomba, basi, wakufunzi wenzetu wa vyuo vya Mtwara na Lindi wabadili mpangilio wa alama. Mchoro wa kazi kwa mishale uje kwanza na usahihishwe kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kuandika bei yoyote. Tunawaomba pia maofisa maendeleo ya jamii wanaopokea maandiko ya vikundi vya vijana kwa ajili ya mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri waongeze ukurasa mmoja kwenye fomu: kazi, siku zake, inasubiri nini, na inaangukia mwezi gani wa msimu wa korosho. Na kila andiko liwe na jina la atakayekabidhiwa mradi ukikamilika. Kwa tenki letu ni mwalimu wa mazingira na kamati ya wanafunzi, wakiwa na ngazi, funguo ya koki, na zamu iliyoandikwa ya kusafisha mifereji kila Oktoba kabla ya mvua.

Wakufunzi wa usimamizi wa miradi,
Mtwara