Makala zisizo na msimuliaji nazo zipewe nafasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenye vituo vya tv, na vijana wenzangu tunaojifunza kutengeneza filamu za makala. Mwaka jana nilipeleka kazi yangu ya dakika 22 kwenye kituo kimoja ikarudi na jibu fupi, eti haina msimuliaji wala muziki, watu watahamisha chaneli. Iliniuma sikufichi, maana ndio kazi ya kwanza nikiiangalia najua hii ni yangu.

Zamani nilikuwa nafanya kama kila mtu, droni inapita juu ya bahari, kinanda cha huzuni, halafu sauti nzito inakwambia maisha ya huyu mzee ni magumu wakati mzee mwenyewe yupo pale na mdomo anao. Nilipoenda Nungwi kwa babu mmoja fundi wa majahazi, droni ya kuazima ikagoma siku ya pili tu, nikabaki na kamera na maiki moja, nikakaa chini. Babu alikuwa anakalafati jahazi maji yasiingie, anasokota pamba yenye mafuta, anaichomeka kwenye mwanya wa mbao anaigongea taratibu, tok tok tok, akifika sehemu ana wasiwasi nayo anaacha, anapitisha kidole gumba, kimya, kisha anaendelea. Kile kimya ni sekunde kama 40. Kwenye kuediti nilikikata mara tatu na mara tatu nikakirudisha, kila nikikitoa babu anapotea anabaki fundi yeyote tu.

Hapo ndio nikajua jicho langu linapenda nini, mikono na mtu akiwa anafikiria. Hata Softie, filamu ya makala ya Mkenya Sam Soko, ile iliyoenda tamasha la filamu la Sundance kule Marekani 2020, mimi maandamano hayakunishika kama alivyonishika Njeri, mke wa mwanaharakati Boniface Mwangi anayefuatiliwa humo, na jinsi siasa za mumewe zilivyoielemea nyumba yao.

Wakuu wa vituo, tutengeeni hata nusu saa kwa wiki, hata iwe saa 5 usiku, mpokee na kazi za namna hii. Mtuachie tukosee kwa njia zetu wenyewe.

Babu nilimwonyesha kwenye laptop. Ilipofika ile sehemu ya kimya akaniambia, "Hapo nilikuwa nausikiliza ubao mjukuu wangu, pamba ikikaa vizuri mlio unabadilika."

Msomaji wako,
Unguja