Adabu si mavazi ya wasichana tu

Mhariri,

Hivi karibuni tuliitwa kikao cha mtaa hapa Langoni, Lamu, kuzungumzia adabu za vijana. Kikao chote kikaishia kwenye mavazi ya wasichana na faida ya kiboko. Kuhusu pikipiki hakuna aliyetamka neno, ilhali wiki ile ile pikipiki iliwapigia honi watu waliobeba jeneza, wakalazimika kubana ukutani ipite. Hilo limeniuma sana.

Warumi walikuwa na neno decorum, ambalo Waingereza wanalitumia hadi leo kwa maana ya mwenendo unaostahiki. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini decere, yaani kufaa, kupendeza kwa kuwa mahali pake. Cicero, mwanasiasa na mwanafalsafa wa Kirumi, alilifafanua mwaka 44 KK katika kitabu alichomwandikia mwanawe Marcus, aliyekuwa akisoma Athens. Anamkataza kujikokota anapotembea, na pia kwenda mbio hadi ahemwe na uso umbadilike. Akiwa mazungumzoni, asiyahodhi kama mali yake. Awape wenzake zamu. Tena nyumba nzuri haimpi mtu heshima, mwenyewe ndiye anayeipa nyumba heshima. Kila mara anauliza: jambo hili lamfaa mtu huyu, mahali hapa, wakati huu?

Wazee wetu walitulea hivyo hivyo. Mama akipita kichochoroni, wanaume walioketi barazani hukunja miguu na kupunguza sauti. Maiti ikipita, watu husimama. Mgeni hupiga hodi akangoja dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, hata kama mlango u wazi. Hayo hatukutiwa kwa kiboko, tuliwaona wakubwa wakiyatenda. Naye mshairi Mwana Kupona wa Pate, alipomuusia bintiye kwa utenzi mwaka 1858, adabu aliitaja mara tu baada ya dini, akaifuatisha na ulimi mwema. Ulimi! Wangapi kati yetu watu wazima tuliufunga kikaoni siku ile, mwenzetu alipokuwa akisema?

Nawaomba wazee wa mtaa, kikao kijacho kianze na pikipiki. Anayefika mbele ya msikiti, madrasa au penye maziko azime injini, ashuke, aisukume. Na akina mama wapewe nafasi ya kusema, kwani siku ile walijadiliwa mabinti zao na hakuna mama hata mmoja aliyeulizwa.

Mkazi wa Langoni,
Lamu